Jioanuwai (aina za miamba, udongo na maumbo ya ardhi) na bayoanuwai (aina za viumbe) za bonde la mto: maswali yenu

Nimehesabu aina za miamba, udongo na maumbo ya ardhi, nikajumlisha na spishi, kila mraba wa ramani ukapata alama moja. Mbona msimamizi wangu kaikataa ramani?

Kwa sababu umejumlisha visivyojumlishika. Mraba wenye aina sita za ardhi na spishi nne, na ule wenye nne na sita, yote umeipa kumi. Anayepanga hifadhi atajuaje analinda nini? Chora ramani mbili, zipandishe moja juu ya nyingine, kisha utafute zinapokataa kulingana. Ardhi yenye sura nyingi ila spishi chache inakuambia ama hapakupimwa vizuri, ama kuna kilichovuruga mahali hapo, kama bwawa lililozuia mafuriko. Tena jihadhari na wingi. Eneo la miamba ya serpentini huambulia alama ndogo, maana mwamba ni mmoja na udongo ni mmoja, ilhali udongo huo wenye nikeli na magnesi tele na kalsiamu haba mara nyingi huwa na mimea isiyoota kwingine.

Miraba iwe na ukubwa gani?

Swali hili limerudi tena! Angalia ramani ulizonazo. Kwenye ramani ya miamba ya 1:250,000, milimita moja ni mita 250 ardhini, kwa hiyo miraba ya mita 100 ni kujidanganya. Jaribu ukubwa tofauti, na maeneo yenye alama za juu yakihamahama, liseme hilo kwenye ripoti.

Mpaka wa bonde nautoa kwenye data za SRTM, yaani vipimo vya urefu wa ardhi vilivyochukuliwa toka angani. Zinatosha?

Za kuanzia, ndiyo. Zilikusanywa kwa rada Februari 2000, na penye msitu mnene rada hiyo haikufika chini, kwa hiyo unachokiita kilima huenda ni miti. Kwenye tambarare kompyuta itakuchorea vijito visivyokuwapo. Na penye miamba ya chokaa maji hupita chini kwa chini yakaibukia bonde la jirani, hata mgongo wa kilima usiwe mpaka wa kitu chochote. Kauone.

Setilaiti gani inaonyesha spishi vizuri?

Hakuna. Setilaiti ya Sentinel-2 ina pikseli za mita 10, yaani nukta moja ya picha ni mita 10 ardhini. Chura hayumo.

Nimepakua rekodi za GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe, ramani inaonyesha spishi zimejaa kandokando ya barabara. Kwa nini?

Kwa sababu watafiti wana magari. Umechora ramani ya walikofika watu. Ndege wamo tele, konokono na wadudu wa chini ya mawe ya mto hawamo. Gawa bonde kwa aina za ardhi, toka chanzoni hadi uwanda wa mafuriko, upime kila aina, mvua na kiangazi. Usipopima mahali, paache wazi kwenye ramani. Wengi huandika sifuri, na sifuri hiyo ndiyo huletwa mezani siku ya kugawa vibali, kama ushahidi kwamba hapana kitu.

Tuchapishe mahali hasa penye okidi adimu?

Msithubutu. Wezi wa mimea nao wanasoma ramani. Onyesheni mraba mpana tu.

Mfadhili anataka viumbe kwanza, mawe baadaye. Tukubali?

Mkatalieni, tena kwa maandishi. UNESCO ilitenga tarehe 6 Oktoba kuwa siku ya jioanuwai mwaka 2021, lakini wafadhili wengi bado huliona jiwe kama sakafu tu. Samaki wanaotaga kwenye kokoto wanazitegemea kokoto hizo, na wachimba mchanga hawasubiri awamu yenu ya pili. Bajeti ikibana, punguzeni picha za droni, si siku za mwanajiolojia.