Dada, naweza kumezea dawa na soda?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba dawa inamezwa na maji, sio soda, basi simu ikajaa. Wengine mnataka kujua kwanini, wengine mmekuja juu kabisa, na kuna mmoja kaniambia yeye tangu 1998 anamezea soda na hajafa. Hongera kaka. Ila sikusema soda inaua, wala sikusema inaua nguvu ya kila dawa, maana panadol ya kawaida ukiimezea soda itakutuliza kichwa kama kawaida. Inategemea ni dawa gani na soda gani. Nimechagua barua sita, nimezifupisha na majina nimeyaacha.

*Mambo vipi dada. Mie ni bodaboda, Mbagala. Nilipewa sipro (siprofloksasini, ile antibiotiki) za UTI, sasa tangu nianze nakaa macho mpaka adhana ya alfajiri, moyo unadunda kama nimekimbizwa na trafiki. Kazi yangu ni ya usiku kwaiyo enaji mbili tatu lazima zipite. Hizi dawa ni feki au?*

Poa kaka. Jibu umelitoa mwenyewe hapo karibu na mwisho, ila umelipita spidi.

Enaji, yaani hivi vinywaji vya kuongeza nguvu, ina kafeini, ile inayokuweka macho. Nyingi zinazouzwa zina kama miligramu 75 mpaka 80 kwenye kopo la mililita 250, soma ubavuni utaona. Kola ya kawaida chupa ya 350 ina kama 34 hivi. Kafeini ikishaingia mwilini kazi ya kuivunja ni ya ini, na kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake inakuwa imeondoka baada ya masaa matano hivi. Sasa sipro inakaba kile kimeng'enya ambacho ini linatumia kuvunja kafeini, yaani fundi kafungwa mikono huku mzigo unaendelea kuja. Kopo la saa mbili usiku halijaisha unamwagia la saa sita, halafu la saa tisa, lazima moyo ulalamike. Kwahiyo dawa sio feki, inafanya kazi mpaka na kazi isiyo yake.

Na nakuuliza, kichwa hakikuumi kwa kukosa usingizi? Kikiuma unanunua nini? Maana zile Panadol Extra kila kidonge kina kafeini miligramu 65, ukimeza viwili ni 130, jumlisha na makopo matatu unakaribia 370, na kiwango kinachotajwa kuwa salama kwa mtu mzima mwenye afya ni 400 kwa siku, tena huyo hana sipro mwilini. Wewe unayo.

Usiache dozi. Acha enaji mpaka dozi iishe, ukiumwa kichwa nunua panadol ya kawaida. Lakini kama umeacha enaji na moyo bado unaenda mbio, au unahisi kuzimia, nenda hospitali, sababu sipro yenyewe kwa watu wachache inasumbua mapigo ya moyo.

Halafu kuna jingine hukuniuliza ila naliona kila wiki hapa dirishani kwenye duka langu la dawa. Mtu anakunywa enaji, tumbo linajaa gesi, kifua kinawaka, anapita duka la jirani ananunua magnesiamu za kutafuna, zile za kutuliza asidi ya tumbo. Anatafuna mbili, anamezea na sipro yake hapohapo. Magnesiamu inashikana na sipro tumboni, zinakuwa kitu kimoja ambacho utumbo hauwezi kukinyonya, vinatoka vyote chooni. Siku ya tano anarudi kwangu amenuna, dada dawa yako haijanisaidia, namwambia hebu toa vilivyomo mfukoni, anatoa funguo ya pikipiki, risiti, na kile kikaratasi cha magnesiamu kimebaki vidonge vitatu. Sipro itangulie masaa mawili kabla ya magnesiamu, au isubiri masaa sita baada yake. Maziwa na mtindi pia usimezee sipro.

*Shikamoo dada. Nina mimba ya miezi mitano, niko Morogoro. Kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu ila vinanitia kichefuchefu, nikivimezea soda ya machungwa vinapita vizuri. Wifi yangu anasema ni sawa kwasababu soda ya machungwa ina vitamini C na vitamini C inasaidia damu. Mama mkwe anasema soda inakausha damu. Nimsikilize nani?*

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa mimba. Wote wamepata nusu.

Wifi kapatia kwamba vitamini C inasaidia mwili kunyonya madini chuma, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye vidonge vyako, hilo kweli kabisa. Alipokosea ni kudhani ndani ya ile chupa kuna chungwa. Soda nyingi za machungwa ni maji, sukari, gesi, rangi na harufu, chungwa lenyewe liko kwenye picha. Unataka vitamini C kula chungwa la kweli, au bora zaidi pera, maana gramu 100 za pera zina vitamini C zaidi ya miligramu 200 wakati chungwa lina kama 50 tu. Na hapo Morogoro mapera mnayaona yanaoza chini ya mti jamani.

Mama mkwe nae, soda haikaushi damu. Mkaushaji wa kweli yupo mezani kwenu asubuhi na hakuna anaemtaja: chai. Chai ya rangi, chai ya maziwa, kahawa pia, zina vitu vinavyoshika madini chuma tumboni yasipite. Mtu anakunywa kidonge na chai ya moto kila siku mpaka anajifungua, damu haipandi, lawama kwa kliniki. Weka nafasi ya lisaa limoja mpaka mawili kati ya chai na kidonge. Maziwa nayo yasikutane na kidonge kwa wakati mmoja, kalsiamu na chuma hawapatani.

Kwahiyo funda mbili za soda ili kidonge kipite haziharibu kidonge. Ninachoogopa ni chupa nzima kila siku, sababu chupa ya 350 ina sukari kama gramu 37, sawa na vijiko vya chai tisa, na mjamzito sukari inaweza kupanda hata kama hajawahi kuwa nayo. Jaribu kukimeza usiku unapoenda kulala baada ya chakula kidogo, na maji yenye limao. Choo kikiwa cheusi usiogope, ndio kawaida yake.

*Sisi huku Kigoma mtu akiwa na malaria anamezea mseto na soda ili apate nguvu. Kuna ubaya? Na babu anasema ile soda chungu ya toniki inatibu malaria yenyewe.*

Ubaya ni mmoja, soda inachukua nafasi ya kitu kilichotakiwa. Mseto, ile ALu (artemetha na lumefantrini) tunayotumia Tanzania tangu 2006, inataka mafuta. Lumefantrini iliyomo ndani inanyonywa vizuri ikikuta mafuta tumboni, tumbo tupu inaingia kidogo tu. Mgonjwa hana hamu ya kula, anapewa soda, soda haina hata tone la mafuta, imemjaza gesi na chakula sasa ndio hakitaki kabisa. Mpe uji wenye karanga, maziwa, chapati, hata kipande cha parachichi, ndio ameze. Soda atakunywa baadae akitaka. Na vidonge amalize siku zote tatu hata akipata nafuu kesho.

Babu hajatunga. Toniki kweli ina kwinini, dawa ya malaria, ule uchungu ndio huo. Ila Marekani kwa mfano sheria inaruhusu isizidi miligramu 83 kwa lita, na dozi ya zamani ya kwinini mtu mzima alikuwa anameza 600 mara tatu kwa siku. Piga hesabu, ni zaidi ya lita 20 za soda kwa siku, kwa wiki nzima. Malaria itapona labda kwa kuona aibu.

*Salaam aleikum bi mkubwa. Niko Mombasa, nina msichana wa miaka kumi na minne, hanywi maji, hanywi maziwa, ni kola asubuhi na jioni. Mjomba wake alitia mfupa wa kuku kwenye gilasi ya kola, baada ya siku kadhaa ukawa unapindika, akatuonyesha sote mezani. Mwanangu mifupa yake itakuwa hivyo?*

Waalaykum salaam mama. Mjomba ni mwalimu mzuri ila somo lake lina shimo. Mfupa ule angeutia kwenye siki ungepindika pia, asidi inayeyusha kalsiamu. Lakini mifupa ya binti haiogelei kwenye kola. Kola inaishia tumboni, na tumbo lenyewe lina asidi kali kuliko hiyo kola, haifiki damuni ikiwa kola. Kinachooga kola moja kwa moja ni meno, na huko mjomba angekuwa na hoja kubwa zaidi.

Sasa usishangilie bado. Kuna utafiti mkubwa wa Framingham kule Marekani, uliotolewa 2006, walipima mifupa ya wanawake 1,413 na wanaume 1,125. Wanawake waliokunywa kola kila siku walikutwa na mifupa ya nyonga myepesi kuliko waliokunywa mara chache sana. Wanaume haikuonekana, uti wa mgongo haikuonekana, na soda zisizo kola pia haikuonekana. Kwahiyo gesi sio mchawi. Watu wakanyooshea kidole asidi ya fosforiki iliyomo kwenye kola, lakini glasi ya maziwa ina fosforasi nyingi kuliko chupa ya kola na hakuna anaesema maziwa yanavunja mifupa. Kafeini nayo inapitisha kalsiamu kidogo kwenye mkojo, kidogo tu, maziwa vijiko vichache yanairudisha.

Mimi naona jibu umeliandika wewe pale uliposema hanywi maziwa. Umri wa binti yako ndio mifupa inajengwa, mpaka afike miaka 18 atakuwa na karibu 90% ya mifupa yote atakayokuwa nayo maishani, na kwa umri huo anatakiwa kupata kalsiamu kama miligramu 1,300 kwa siku. Glasi ya maziwa inampa 300. Chupa ya kola inampa shibe. Kola haibomoi nyumba, imekaa mlangoni matofali yasiingie.

Usimpokonye kwa siku moja, wa miaka kumi na minne ukimnyang'anya atainywa kwa shoga yake. Toa ile ya asubuhi kwanza. Maziwa hataki, sawa, mtindi wa baridi je? Omena anakula na miba yake? Sukuma wiki ni nzuri kuliko mchicha kwa jambo hili, kalsiamu ya mchicha imefungwa na oksaleti, kitu kilichomo humohumo kwenye mchicha, haitoki kirahisi. Simsim pia, ila najua kashata za simsim Mombasa zilivyo na sukari, usije ukanihamisha tatizo.

*Dada, daktari Arusha kanipa vidonge vya itrakonazoli vya fangasi wa kucha akaniambia nimezee na kola. Nilidhani ananitania. Mimi pia natumia omeprazoli ya vidonda vya tumbo.*

Hakutanii, na ni daktari anaejua kazi yake. Vidonge hivyo vinahitaji asidi ili viyeyuke, omeprazoli imeikata asidi yako, kola inaiazima kwa muda. Iwe kola, sio maji ya soda matupu, na umeze baada ya kula. Hii ndio sababu sipendi watu wanaosema soda ni mbaya basi.

*Baba ana sukari, Tanga. Anameza glibenklamaidi. Juzi jioni hakula, akaanza kutetemeka na jasho la baridi, anaongea maneno hayaeleweki. Jirani akasema mpeni soda, mama akakataa katakata, akasema soda ndio iliyomletea ugonjwa, na alishazificha zote chini ya kitanda. Nani alikuwa sahihi?*

Jirani. Mwambie mama taratibu, nae alikuwa anamlinda mumewe.

Glibenklamaidi inashusha sukari iwe umekula au hujala, ndio hatari yake, sawa na insulini. Kutetemeka, jasho la baridi na kuchanganyikiwa ni sukari imeanguka, na hapo soda ni dawa. Nusu chupa ya 350 inampa gramu 18 hivi, inatosha kuanzia. Iwe soda yenye sukari, ile ya "ziro" haitamsaidia chochote, na nimeshaona familia ikimpa mgonjwa ziro kwasababu ana kisukari. Subirini dakika 15, mkiwa na mashine mpimeni, kama bado mrudishieni nusu nyingine. Akizinduka ale chakula cha kweli, ugali, mkate, chochote kilichopo, na kesho arudi kliniki waangalie dozi. Akiwa amezimia au hawezi kumeza msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, tafuteni usafiri hapohapo.

Chupa moja itoke chini ya kitanda irudi kabatini, muibandike karatasi yenye jina la baba, na wajukuu waambiwe hiyo sio yao.