Kiti cha Mkahawani: Ami Ajibu Maswali Yenu

Wengi mnajua kuwa kazi zangu za kuandika nazifanyia kwenye mkahawa mmoja wa mtaani petu, Mji wa Kale, Mombasa, daftari huku, kikombe kule. Maswali yenu yamejaa. Haya ndiyo ya wiki hii.

Shikamoo Ami. Nafanya kazi ya tafsiri kwa laptopu. Nikiagiza chai moja, nikae muda gani nisimkere mwenye mkahawa? (Tudor)

Marahaba mwanangu. Usihesabu dakika, hesabu viti. Mkahawa wa meza sita hula kwa meza hizo sita. Baada ya saa tatu asubuhi, watu wakishakwenda makazini, meza nyingi ziko tupu. Kaa, hakuna atakayekuuliza. Lakini saa saba mchana pilau inapopakuliwa, kiti chako kimoja ni sahani tatu ambazo hazikuuzwa. Mimi nikisikia adhana ya adhuhuri nakusanya vitu vyangu, narudi saa tisa.

Haya sikuyajua tangu mwanzo. Siku moja nilimwona mwenyewe akipangusa meza iliyo karibu yangu mara ya tatu, nayo safi. Mbele yangu pana kikombe kilichokauka tangu asubuhi, na kando ya kaunta wamesimama baba, mama na watoto watatu. Hakunambia neno. Mwenye mkahawa wa kwetu hamwinui mgeni aliyekwisha keti, na kwa hivyo kuinuka ni juu yako. Niliona haya sana siku ile, na sijarudia.

Basi agiza kitu kila baada ya muda, hata kama ni viazi karai viwili. Stima ya laptopu yako analipa yeye. Na lipa pale pale unapoagiza, usimwache akikukumbukia hesabu mpaka magharibi.

Kahawa tungu nikiipika nyumbani haitoki kama ya barabarani. Nakosea wapi? (Majengo)

Nadhani ni haraka, na ni chombo. Buni hukaangwa mpaka ziwe nyeusi, zikatwangwa, zikatiwa tangawizi. Wengine huongeza iliki. Kisha dele, lile birika la kahawa, hukaa juu ya makaa, moto mdogo, bila kusukumwa. Litazame dele vizuri: chini tumbo pana, juu shingo nyembamba, na mdomo uliochongoka. Mashapo hubaki tumboni, kinachotoka mdomoni ni kahawa safi. Sufuria humwaga vyote pamoja, ndiyo maana yako ina mchanga.

Kama huna dele, chemsha kwa moto mdogo robo saa, epua, iache itulie dakika kumi, kisha mimina polepole bila kutikisa. Sukari usitie! Utamu uko kwenye kashata, tende au kipande cha halua: tafuna kidogo, ndipo unywe. Muuzaji wa pembeni kwetu husuuza kikombe, hukikung'uta mara mbili, humimina, na hangoji shukrani. Jioni ukisikia vikombe vyake vinagongana tu, hata kama hukuwa na hamu, hamu inakuja.

Ami, daktari kaniambia damu yangu ni pungufu. Asubuhi nala mahamri na mbaazi, na kahawa juu yake. Niache? (Kisauni)

Mbaazi usiache, dada yangu. Kahawa ndiyo ya kusogeza mbele. Kahawa na chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika vyakula vya mimea, na mbaazi ni kimojawapo. Kula kwanza, kahawa ingoje kama saa moja. Kamulia ndimu kwenye mbaazi, au malizia na chungwa. Vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Na kama una mimba, ushauri wa kitaalamu ni kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku. Dawa ulizopewa endelea nazo.

Nikinywa kahawa alasiri silali. Wenzangu wanalala. Kwa nini? (Bamburi)

Miili hupishana. Kwa watu wengi, kafeini hupungua kwa nusu baada ya saa tano hivi. Ya saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado unayo. Yako iwe ya asubuhi.

Mimi ni msichana wa chuo. Mikahawa ya mtaani imejaa wazee wa baraza. Nitaonekanaje nikiketi peke yangu na vitabu? (Likoni)

Swali hili limenigusa, mwanangu, maana nina binti wa rika lako. Kweli, ipo mikahawa ambayo ni baraza la wanaume hasa, na huko hutatulia. Ipo mingine yenye upande wa familia, uliza. Mara ya kwanza nenda asubuhi na mwenzako. Ingia na salamu ya kusikika, msalimie mwenyewe na wazee wote. Hapa kwetu aliyesalimia si mgeni tena, na wazee wale wale unaowaogopa ndio watakaomkemea kijana atakayekusumbua.

Nanyi wanaume wenzangu: binti aliyefungua kitabu amekuja kusoma. Mwacheni asome.

Waifai ya mkahawani ni salama? (Nyali)

Kwa kusoma habari, sawa. Mambo ya benki fanya kwa bando lako. Na ukienda kuswali, laptopu nenda nayo.

Ramadhani je, Ami, utafanyia wapi kazi? (Bondeni)

Mchana nyumbani, maana mikahawa mingi ya huku kwetu hufungwa mpaka futari. Baada ya tarawehe mlango hufunguliwa, viti hutolewa hadi nje, nami huenda na daftari langu. Usiku ule hakuna anayekuharakisha kwa sahani ya pilau. Wewe wa Bondeni si mbali. Njoo, nafasi ya pili kwenye benchi ni yako.