Novena ya Don Bosco na karatasi ya fundi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama ibada kwa watakatifu inawafaa vijana wa leo au ni mazoea ya wazee tu. Mimi ni Mkatoliki wa Unguja, na nitamzungumzia mtakatifu mmoja, Yohane Bosco, padri wa Italia ajulikanaye kama Don Bosco, kwa sababu kila Januari parokiani kwetu tunasali novena yake, yaani sala za siku tisa, kabla ya sikukuu yake ya tarehe 31, na kila mwaka jambo moja hunikera. Tunamwimbia, tunaivisha picha yake asumini, kisha tunaliacha lile alilolifanya kwa bidii kubwa, nalo ni kusimama baina ya mtoto maskini na mwajiri wake.

Don Bosco alipewa upadri mwaka 1841 na kuanza utume wake Turin, mji wa Italia uliokuwa ukijaa vijana waliotoka mashamba kutafuta vibarua, ambao baadhi yao waliishia gerezani. Aliwakusanya, na huko Valdocco, mtaa wa mji huo, akawapatia mahali pa kusali, kucheza na kulala, lakini hakuishia hapo, kwani aliwafuata hadi kazini. Ipo hati ya tarehe 8 Februari 1852 inayomhusu kijana Giuseppe Odasso na fundi seremala Giuseppe Bertolino, na Don Bosco mwenyewe aliisimamia. Hati hiyo ilimlazimu fundi kumfundisha kijana ufundi, kutomtwisha kazi zisizo za useremala, kumrudi kwa maneno bila kumpiga, kumwachia sikukuu zake na kumlipa ujira.

Kwetu mambo hayo huachiwa mdomo. Mtoto wa jirani yangu, aliyefiwa na baba angali mdogo kama Bosco mwenyewe, alipelekwa na mjomba wake kwa fundi wa milango ya nakshi, na maneno yaliyosemwa yalikuwa haya tu: "Fundi, huyu mwanao, mfunze." Tangu hapo mtoto alichota maji, alifagia maranda, alibeba vikapu vya sokoni vya mke wa fundi na kusukuma mkokoteni wa mbao juani, na patasi aliishika pale tu alipoamriwa kuinoa. Akichelewa, alipigwa kwa kipande cha ubao. Mama yake aliyaona yote akanyamaza, kwa sababu kwetu fundi ni mzazi, na anayemlalamikia huambiwa hana shukrani. Jioni moja ya novena, zilipofika nia za sala, bibi yake alisimama akasema: "Tumwombee mjukuu wangu aliye kwa fundi, mgongo wake haugusiki." Tuliitikia, tukaendelea na litania. Kesho yake alisema maneno yale yale, na keshokutwa pia, wala hakuongeza hata neno. Ndipo katekista alipomfuata nje ya kanisa akamuuliza, "Bibi, mtoto yuko kwa fundi gani?"

Katekista na mjomba walikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na sheha huyo, ambaye ni Mwislamu na hakuhitaji kuelezwa Don Bosco ni nani, alimwita fundi wakakaa barazani kwake. Hapakuwa na kelele. Fundi alisema kwamba yeye naye alifunzwa hivyo hivyo, na mimi namwamini. Sheha akamjibu, "Basi wewe mwenzetu unajua kunavyouma." Yaliyoandikwa siku ile hayakujaza ukurasa wa daftari: kijana ashike patasi kila siku, maji wachote wanafunzi wote kwa zamu, asipigwe, na apewe chakula cha mchana. Sheha aligonga muhuri. Kijana alibaki kwa fundi yule yule, na leo anachonga minyororo na mawaridi kwenye fremu za milango kwa mkono unaoaminiwa na wenye nyumba.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba siku tisa za novena zingefaa zaidi zikitumiwa kukagua karakana. Sasa siwezi kusema hivyo, kwani kama si zile nia za sala, yule bibi angelisemea wapi? Kwa sheha asingekwenda, kwa fundi asingethubutu, na nyumbani hakuna aliyemsikiliza. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ibada hii inawafaa vijana, ila kwa masharti. Nia za sala zisiwe za jumla, za "vijana wote duniani", bali mtoto atajwe na shida yake, na kabla ya misa ya tarehe 31 awepo mtu aliyekabidhiwa kulifuatilia jambo lake. Parokia ndogo za Pemba, ambako huenda katekista mmoja anahudumia vigango, yaani makanisa madogo ya parokia, vilivyo mbali mbali, sizidai hilo kwa ukali huo huo. Wao wasali, na jambo lililo zito walilete kwetu mjini, tulio wengi zaidi, tuwasaidie kulibeba.