Jibu: Amplifaya ya klasi A ya bei nafuu, nichukue ipi?

Salaam mkuu. Umekwama kati ya JLH ya kuunga mwenyewe (sakiti ya John Linsley Hood ya 1969) na klasi A kubwa ya mtumba. Klasi A ni amplifaya ambayo transista zake zinapitisha umeme muda wote. Anza na spika: angalia unyeti wake, yaani ukubwa wa sauti kwa wati moja, umeandikwa dB (desibeli) ngapi. Zikifika 90, JLH inatosha. Ni wati 10 tu, ila sebuleni utashangaa. Zikiwa 84, achana nayo, tafuta klasi AB, aina inayotoa nguvu zaidi bila kuchemka sana.

Pesa iweke kwenye trafo na vipozajoto vinene. Seti za bei ya kutupa hubania hapohapo. Klasi A inakula umeme hata muziki ukinyamaza, na inachemka kweli, kwa hiyo usiifungie kabatini. Kabla ya kuunga spika, pima volti za DC (umeme mnyoofu) pale sauti inapotokea kwenda spika; zikizidi zinaunguza spika. Spika zako ni zipi?