Nimechora tu, hakuna mtu halisi: je, sheria ya Marekani inanigusa?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mchoraji, mzaliwa wa Tanga, sasa ni mkaazi wa kudumu hapa Columbus, Ohio. Nimemaliza kitabu cha katuni cha watu wazima chenye kurasa 140. Kinamhusu mwanamke wa miaka 31 anayeolewa mara ya pili, na somo yake anayemfunda upya. Kurasa nne zinawaonyesha mke na mume chumbani, bila kuficha. Hakuna mtu halisi niliyemchora. Rafiki zangu wanasema Katiba ya Marekani inalinda kila mchoro, lakini mchapaji niliyempelekea kazi ameikataa. Nani mkweli? Na nikiuza mtandaoni au nikituma nakala nyumbani, kuna hatari?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kurasa ulizonitumia nimezisoma zote. Ulionikaa akilini si wa chumbani. Ni ule ambao somo ameketi mkekani, khanga kaifunga kifuani, anasaga liwa kwenye jiwe huku akimwambia bibi harusi kwamba ndoa ya kwanza haikuvunjika kwa kosa lake. Ukurasa huo nitaurudia, kwa sababu ndio utetezi wako.

Rafiki zako wamekosea, na mchapaji naye hajavunja sheria. Jibu la mchapaji ni fupi: Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa 1791, yanaifunga mikono serikali. Polisi, waendesha mashtaka na mabunge ndio wanaokatazwa kukuziba mdomo. Mwenye mtambo wake wa kuchapa ana haki ya kusema kazi hii siipokei, na vivyo hivyo wenye mitandao na kampuni za kupokea malipo. Tafuta mwingine.

Sasa mchoro wenyewe. Mbele ya Katiba, mchoro ni usemi kama lilivyo neno lililoandikwa. Lakini tangu shauri la Roth la 1957, Mahakama ya Juu imeshikilia kwamba machapisho machafu, kwa maana ya kisheria ya neno hilo, hayana ulinzi huo. Na sheria haiulizi kama uchafu umepigwa kwa kamera au umechorwa kwa wino. Kusema "ni hadithi tu" hakukutoi mahakamani. Jambo hili nakuomba ulishike kabla ya mengine yote.

Kipimo tunachotumia hadi leo kilitokana na bahasha. Marvin Miller wa California alikuwa akituma kwa posta vipeperushi vya kutangaza vitabu vya ngono. Bahasha moja ilifika kwenye mgahawa wa Newport Beach, ikafunguliwa na meneja akiwa na mama yake mzazi. Hawakuwa wameagiza kitu. Wakawaita polisi. Vipeperushi vile vilikuwa na picha, na vilikuwa na michoro pia. Tarehe 21 Juni 1973, kwa majaji watano dhidi ya wanne, Mahakama ya Juu ikatoa kipimo chenye sehemu tatu, na zote tatu lazima zitimie ndipo kazi ihesabiwe kuwa chafu. Kwanza, mtu wa kawaida, kwa viwango vya jamii ya mahali pale, aione kazi nzima kuwa imelenga kuchochea ashiki. Pili, ionyeshe tendo la ngono lililotajwa na sheria husika, kwa namna ya kuchukiza waziwazi. Tatu, kazi nzima iwe haina thamani ya dhati, iwe ya kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi.

Mbili za kwanza zinategemea hisia za majirani. Jaji Potter Stewart, katika shauri lililotoka huko huko kwenu Ohio mwaka 1964, la meneja wa sinema ya Cleveland Heights, alikiri kwamba hawezi kuufafanua uchafu wa aina hiyo lakini akiuona anaujua. Ndivyo wananchi walioketi kwenye juri wanavyofanya hata leo. Ndiyo maana sehemu ya tatu ina uzito mkubwa: mwaka 1987, katika shauri la Pope, mahakama ilisema thamani ya kazi haipimwi kwa viwango vya mtaa. Inapimwa kwa macho ya mtu mwenye busara popote alipo. Kitu chenye thamani Columbus hakiwezi kukosa thamani kwa sababu tu kimevuka kuingia kaunti nyingine.

Na angalia maneno "kazi nzima". Mwendesha mashtaka hana ruhusa ya kuzichana kurasa zako nne na kuzipeleka peke yake. Lazima juri ipewe zote 140, pamoja na liwa, mkeka na yale maneno ya somo. Kwenye kitabu chako chumba ni matokeo ya mafundisho, na mafundisho ni urithi wa watu wa mwambao ambao haujaandikwa vya kutosha. Hiyo ni thamani ya dhati, na ninaiamini bila kulipwa.

Hata hivyo nisikupe moyo wa uongo. Mwaka 1994, Pinellas, Florida, mchoraji kijana Mike Diana alitiwa hatiani kwa kijarida chake Boiled Angel, alichokuwa akikitoa nakala 300 hivi. Michoro yake ilikuwa ya kutisha na kutia kinyaa, nami sikuandikii kuisifu. Polisi walikuwa wamekiona kijarida hicho wakati wa upelelezi wa mauaji ya wanafunzi wa Gainesville. Yeye hakuhusika na mauaji hayo kwa lolote. Baadaye askari kanzu akamwandikia barua akijifanya msomaji mpenzi wa kazi zake, akaagiza nakala kwa posta, naye akatuma. Hukumu yake ilikuwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, faini ya dola 3,000, saa 1,248 za kazi za jamii, na marufuku ya kuwakaribia watoto. Akakatazwa kuchora uchafu hata kwa ajili yake mwenyewe, na nyumba yake ikawekwa wazi kwa upekuzi bila hati. Mtu anakatazwa kuchora mezani kwake, usiku, kitu ambacho hataonyeshwa yeyote! Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa yake. Miaka mingi imepita na sharti lile bado linanichoma.

Dallas nako, mwaka 2000, mfanyakazi wa duka la vitabu vya katuni alitiwa hatiani kwa kumuuzia askari kanzu, mtu mzima, kitabu kutoka rafu ya watu wazima. Mwendesha mashtaka aliiambia juri kwamba vitabu vya katuni kwa kawaida ni vya watoto. Hoja hiyo ndiyo ninayoihofia zaidi kwako kuliko kurasa zako zenyewe, maana hata kwetu watu wengi wakisikia katuni wanafikiria watoto. Kwa hiyo jalada liseme bila kificho kwamba ni kitabu cha watu wazima, picha ya nje iwe ya staha, na uandike utangulizi wa kurasa mbili tatu kuhusu desturi ya kufunda. Ukipata mwalimu wa chuo kikuu au msanii anayeheshimika akakusomea na kukuandikia maoni, yahifadhi pamoja na tarehe yake. Utetezi wa mashauri haya hujengwa kwa mashahidi wataalamu, nao ni rahisi kupatikana kabla ya mashtaka kuliko baada yake.

Uliniuliza pia, chini ya ujumbe wako, kuhusu ukurasa wa mume wa kwanza akimpiga mkewe. Huo usiwe na shaka nao. Ukatili peke yake si uchafu wa kisheria. Mwaka 2011 mahakama ililirudia hilo ilipofuta sheria ya California juu ya michezo ya video yenye ukatili.

Sasa jambo ambalo silijadili kwa upole. Bibi harusi wako ni mtu mzima, na hakuna anayeweza kumwona vingine, kwa umri wala kwa umbo. Ibaki hivyo. Picha za ngono za watoto halisi ziko nje kabisa ya ulinzi wa Katiba tangu shauri la Ferber la 1982, na hata kuwa nazo nyumbani ni kosa. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ilifuta sehemu ya sheria ya 1996 iliyokwenda mbali hadi kugusa picha za kubuni kwa ujumla, na hapo wengi wakadhani mlango umefunguka. Haukufunguka. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilitunga kifungu cha 1466A cha sheria za jinai za shirikisho, kinachotaja kwa majina mchoro, katuni, sanamu na picha ya rangi, na kinachosema wazi kwamba si lazima mtoto aliyeonyeshwa awe yupo duniani. Mkusanyaji mmoja wa Iowa aliyeagiza vitabu vya katuni kutoka Japani alikiri kosa chini ya kifungu hicho, na mwaka 2010 akafungwa miezi sita. Mahakama zinaweza kuendelea kubishana juu ya mipaka ya kifungu hicho. Mimi msimamo wangu ni kwamba mtoto hachorwi hivyo, na mteja anayetaka nimtafutie upenyo wa kufanya hivyo simpokei.

Kuhusu kuuza mtandaoni, jamii ya kukupima inaweza kuwa ya mbali. Mume na mke waliokuwa wakiendesha, kutoka California, ukumbi wa picha za ngono ambao wanachama waliufikia kwa kompyuta zao walishtakiwa Memphis, Tennessee, kwa sababu mkaguzi wa posta wa huko alijiunga, akalipa na kuzipokea picha akiwa kwake. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ileile inayosimamia Ohio iliikubali hatia hiyo. Kwa kitabu cha karatasi una nguvu ya kuchagua unatuma wapi, itumie. Thibitisha umri wa mnunuzi, maana kinachoruhusiwa kwa mtu mzima chaweza kukatazwa kwa mtoto. Na tangu Juni 2025, Mahakama ya Juu ilipoipitisha sheria ya Texas ya kuzibana tovuti zihakiki umri, majimbo yana msingi imara wa kudai hivyo.

Kwa kuwa wewe si raia bado, hesabu yako ni tofauti na ya jirani yako Mmarekani. Yeye akitiwa hatiani atatumikia adhabu yake na kurudi nyumbani. Wewe hatia ya jinai inaweza kukufuata mpaka kwenye ukaazi wako na ombi la uraia. Ohio ina kifungu chake, 2907.32, kinachogusa kuandaa, kutangaza na kuuza machapisho machafu. Sioni kitabu chako kikifikia hapo. Lakini ukipigiwa simu na mpelelezi, hata kwa sauti ya kirafiki, usimweleze maana ya michoro. Mwambie utazungumza ukiwa na wakili, kisha mpigie wakili wa jinai anayefanya kazi pamoja na wa uhamiaji.

Na nakala za Tanga? Hizo zisubiri. Kifungu cha 175 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kama kilivyo ndugu yake cha 181 cha Kenya, kinataja michoro kwa jina, na kinauliza kama kitu kinaelekea kupotosha maadili. Fikra hiyo ni ya Uingereza ya karne ya 19, ile ile ambayo Marekani iliikataa katika shauri la Roth. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa maoni, lakini usimtume mama yako forodhani akaijaribu kwa niaba yako. Msomee ule ukurasa wa liwa kwenye simu. Nakala utampa mkononi atakapokuja kukutembelea Columbus.