Kabla Hujatupa Jagi la Umeme, Pima Volti na Ampea

Mteja akiniambia jagi lake la umeme limechoka, sikimbilii kulifungua. Namwomba alijaze maji, aliwashe, kisha napima vitu viwili likiwa kazini: volti kwenye soketi na ampea kwenye waya. Volti gawanya kwa ampea, unapata ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyozuia umeme kupita, kwa omu. Volti zidisha kwa ampea, unapata wati. Ile ya kugawanya ndiyo kanuni tuliyoikariri sekondari, ya Mjerumani Georg Ohm aliyeichapisha mwaka 1827, na natamani kila mwenye nyumba aijue.

Mama mmoja muuza chai wa hapa Nkuhungu, Dodoma, ana jagi lililoandikwa wati 2,000 kwa volti 230. Hilo linapaswa kuvuta ampea 8.7, yaani ukinzani wake ni kama omu 26. Nilipopima nikakuta volti 180 na ampea 6.8. Zidisha: wati 1,224.

"Kwa hiyo ni bovu, fundi?"

"Hapana mama. Gawanya 180 kwa 6.8."

Omu 26 na nusu. Ukinzani uko palepale, jagi ni zima. Tatizo ni umeme unaolifikia. Hapa ndipo watu wengi hushangaa: volti zimepungua kama moja ya tano tu, lakini wati zimeondoka karibu asilimia 40, kwa kuwa volti zikishuka ampea nazo hushuka. Maji ya lita moja na nusu yaliyochemka kwa dakika nne sasa yanataka zaidi ya sita. Uniti za LUKU zinazoliwa na jagi lenyewe hazibadiliki sana, zinaongezeka kidogo tu kwa joto linalopotea wakati wa kungoja.

Basi volti zimepotelea wapi? Jagi likiendelea kuwaka, nikapima kwenye mita ya LUKU: 225. Kwa hiyo volti 45 zilikuwa zinaishia ndani ya nyumba. Gawanya 45 kwa 6.8, ni omu 6.6. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 20, kwenda na kurudi, una kama nusu omu tu, kwa hiyo waya peke yake hauwezi kuwa chanzo. Ni kiungo kibovu. Sasa zidisha 45 kwa 6.8: wati 306 zinaunguza mahali pamoja, na mama analipia kila uniti yake. Tulikikuta juu ya dari, nyaya zimesokotwa na kuzungushiwa tepu, plastiki imeshakuwa nyeusi. Nyumba huungua hivyohivyo. Ingekuwa mita yenyewe inasoma 180, ningemwambia apige simu TANESCO.

Ukitumia mita ya kubana (clamp meter) kupima ampea, bana waya mmoja tu. Ukibana yote miwili pamoja itasoma sifuri. Taa ya balbu ya nyuzi, ile ya kupashia vifaranga, usiipime omu ikiwa baridi: itasoma chini ya sehemu ya kumi ya ukinzani wake ikiwa inawaka. Na kwa wenye pampu za kumwagilia zabibu kule Hombolo, volti mara ampea kwenye mota ya fezi moja hutoa namba kubwa kuliko wati halisi. Hapo soma kibao cha mota, utafute kipengele cha nguvu (power factor au cos φ) kilichoandikwa humo, mara nyingi 0.8 na kitu, uzidishe nacho pia.