Kabla ya kuuliza tarehe, uliza kililala wapi

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: chakula kikipita tarehe yake ya mwisho, tule au tutupe? Nina duka la rejareja Walukuba, hapa Jinja, Uganda, huu ni mwaka wa 14, na swali hilo naulizwa mbele ya kaunta karibu kila wiki, mara nyingi na mama mwenye pakiti mkono mmoja na noti ya mwisho mkono wa pili. Nawajibu kama muuza duka na kama mama wa watoto wanne.

Miaka minne iliyopita umeme ulikatika jioni, haukurudi mpaka asubuhi. Kwenye friji nilikuwa na pakiti za maziwa ya nusu lita, yale ambayo lazima yakae kwenye baridi. Asubuhi friji ikanguruma, maziwa yakapoa tena, nami nikaendelea kuuza. Kesho yake jirani alirudi na pakiti tupu. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa ametapika na kuharisha usiku kucha. Hakuja kugombana. Alininyooshea pakiti akasema, "Mama, hebu soma. Tarehe bado siku tatu. Sasa imekuwaje?" Sikuwa na la kumjibu. Mtoto alipelekwa kituo cha afya, akapewa ORS, ile dawa ya kunywa ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, akapona. Siwezi kuapa kwamba ni maziwa yale. Ninachojua ni jinsi yalivyolala usiku ule, na kwamba nilimuuzia jirani yangu bila kumwambia.

Tangu siku hiyo nasoma pakiti yote, hata maandishi ya pembeni. Karibu kila moja ina maneno tunayoyaruka: hifadhi mahali pakavu, penye ubaridi, mbali na jua. Tarehe imefungwa kwenye sharti hilo. Kiwanda kinasema, nikitunzwa hivi nitafika siku fulani nikiwa mzima. Sharti likivunjwa, tarehe haina tena mwenyewe wa kuisimamia, hata kama miezi mitano imebaki.

Chukua maziwa. Yale ya pakiti laini hupashwa moto kiwandani kwa nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15 hivi. Vijidudu vinavyoleta magonjwa hufa, lakini vingine vya kuchachusha hubaki, vikisubiri joto. Ndiyo maana yanahitaji friji iliyo chini ya nyuzi 5. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hushika baridi kama saa nne. Ukiifungua kila mteja anapokuja, hata hizo nne hupati. Maziwa ya boksi ya muda mrefu ni mengine. Hayo hupashwa kwa nyuzi zaidi ya 135 kwa sekunde chache, yakafungwa kwenye boksi safi lisilopitisha hewa, kwa hiyo hukaa miezi nje ya friji. Lakini ukishakata kona ya boksi, umeyarudisha kuwa maziwa ya kawaida. Wateja wangu wengi hukosea hapo: boksi limefunguliwa Jumatatu, liko juu ya meza mpaka Alhamisi, na mtu anakuonyesha tarehe ya mwezi wa kumi na moja.

Sasa fikiria maduka yetu. Paa la bati, dirisha moja, saa saba mchana. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, mabadiliko mengi ndani ya chakula huenda kasi mara mbili hivi. Mafuta ya kula yaliyopangwa barazani ili yaonekane na wapita njia, yakipigwa jua tangu asubuhi, huanza kunuka kama rangi ya kupaka nyumba kabla tarehe yake haijafika. Mimi mafuta nimeyaingiza ndani, kwenye rafu ya chini, nyuma ya unga. Nimepoteza wateja wa barabarani kwa ajili hiyo, na sijayatoa.

Kuhusu tarehe zenyewe. MFG ni siku ya kutengenezwa. Nimemwona mzee mmoja akikataa sukari kwa kuisoma hiyo. BB maana yake ni bora kabla ya siku hiyo, yaani inazungumzia ladha na ubora. EXP inapaswa kuwa mpaka wa usalama, ila kwetu utaikuta hata kwenye biskuti, kwa hiyo herufi hazikutoshi, lazima ujue umeshika chakula gani. Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, zinaruhusu hata chumvi isiyotiwa iodini, sukari ya punje isiyoongezwa virutubisho na siki viuzwe bila tarehe yoyote, kwa sababu vijidudu havina cha kufanya humo.

Kwa hiyo nyumbani kwangu vikavu tunakula: tambi, mchele, majani ya chai, biskuti zilizopita mwezi mmoja au miwili, mradi pakiti haijatoboka na panya au wadudu hawajaingia. Biskuti italegea, haitakuua. Kopo la samaki au maharage nalo huishi muda mrefu, lakini kopo lililovimba, linalovuja, au lililobonyea kwenye mshono, usilionje hata kwa ncha ya kijiko. Kuna sumu ya bakteria wa botulinamu inayolemaza mwili na haihitaji sahani nzima. Nyama, samaki mbichi, soseji, mtindi, maziwa: hapana. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yakipita hata siku moja, hapana, kwa sababu mtoto huyo hana chakula kingine cha kumpa virutubisho vilivyopungua humo. Na mkate wenye ukungu usiukate upande mmoja ukala mwingine. Nyuzi za ukungu zimeshapenya mahali macho hayafiki.

Najua wengi watasema, sisi tulilelewa bila tarehe, mama alinusa tu. Pua ninaiheshimu, na namkumbuka mama yangu akiinamia chungu. Lakini vijidudu vinavyoozesha chakula na vinavyoleta magonjwa mara nyingi ni tofauti. Vya kwanza hunuka. Vya pili vinaweza kukaa kimya kabisa. Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 watu zaidi ya 1,000 waliugua listeria na zaidi ya 200 wakafa, na chanzo kilikuwa poloni, nyama ya kusindikwa inayoliwa bila kupikwa. Bakteria huyo huongezeka hata ndani ya friji, na hakuna pua inayomjua.

Tena kiporo! Kiporo cha wali hakina tarehe, na tunakipenda na chai. Ukiacha wali kwenye sufuria usiku kucha jikoni, mbegu za bakteria zilizostahimili moto huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiishi kwa kupasha moto. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwa asiye na friji maana yake ni kupika kinachotosha. Naandika hivyo nikijua si kila mama ana makaa ya kuwasha mara mbili kwa siku.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni chakula kisicho na tarehe, na sisi hapa tunakula hicho kuliko cha pakiti. Posho, yaani ugali, na mchuzi wa karanga. Unga umetoka mashineni, karanga za kusagwa zimepimwa kwa kikombe zikatiwa kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, na hakuna anayejua zilivunwa lini wala zilianikwa wapi. Mahindi na karanga zikikaa na unyevu huota kuvu linalotoa sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Haionekani, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, inashambulia ini hata kuleta saratani. Ukila nyingi kwa mkupuo, inaua haraka: mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi na 125 wakafa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu maikrogramu 10 tu kwa kilo ya mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, na wafanyabiashara wa mahindi tunaowajua walilia. Mimi nilijiuliza jambo moja: mahindi yanayorudishwa mpakani, yanaliwa na nani?

Karanga nimeacha kununua zilizosagwa. Nimeona kwa macho yangu sokoni zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu zikichambuliwa, nzuri zikauzwa nzimanzima na mbovu zikapelekwa mashineni, maana unga hauonyeshi sura. Sasa nanunua nzima, nachambua mwenyewe na wanangu, mbovu tunazitupa, hata kuku hatuwapi. Mahindi nayapima kwa chupa na chumvi: chupa kavu, mahindi kiasi cha theluthi yake, chumvi kavu kidogo, unatikisa dakika chache, unaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo wa kando ya barabara. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi asilimia 13.5.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili nawaambia wenzangu wa maduka. Mwenye jumla mmoja aliwahi kuniletea katoni za juisi kwa nusu bei. Nilipozigeuza nikakuta sehemu ya tarehe imefutwa, plastiki inang'aa kama iliyosuguliwa kwa asetoni. Akaniambia, "Dada, watu wa huku hawasomi." Nilimrudishia katoni zake. Wakaguzi wa UNBS, shirika la viwango la Uganda, wakikuta kitu kilichopita tarehe kwenye rafu wanakichukua, na wana haki, lakini hawawezi kusimama kwenye kila kibanda cha Walukuba na Masese. Neno lake ndilo lililoniuma. Mtu akila biskuti iliyopita tarehe akijua, ameamua juu ya tumbo lake. Ukiifuta tarehe, au ukimimina kilichochakaa kwenye kavera ndogondogo, umemwamulia wewe, na mara zote unayemwamulia ni yule asiye na pesa ya kwenda duka kubwa la mjini.

Siku hizi umeme ukikatika naandika saa kwenye kikaratasi, nakibandika mlangoni mwa friji. Zikizidi nne, maziwa hayauzwi tena. Nayamwaga, na nikimwaga moyo unaniuma, kwa sababu mtaji wangu ni mdogo. Yule jirani bado hununua kwangu. Kabla ya kulipa huinama, husoma kikaratasi kwanza, halafu ndipo hugeuza pakiti kutafuta tarehe.